Nyumba ya Mae Juu ya Mlango Mbovu

Watu wakiniuliza mume wangu anafanya nini tangu astaafu ualimu, huwa nawajibu kwamba anajenga. Wakiuliza anajenga wapi, nabadilisha mazungumzo. Ningesemaje? Kwamba Mwalimu Cassian, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na mbili, anashinda sebuleni kwangu na wembe na gundi, akijenga nyumba ambayo panya akiingia mkia unabaki nje?

Hadi mwaka huu alikuwa amejenga kumi na saba. Alijenga kanisa la kwao Muleba, na mnara wake. Alijenga kibanda cha chipsi cha pale stendi ya Kayanga, pamoja na chupa ya tomato isiyozidi punje ya mchele. Bati hulitengeneza kwa kopo la maziwa: analikata, analilaza juu ya spoku za baiskeli, analikandamiza mpaka lipate migongo. Kila mita moja ya dunia, kwake ni sentimita tano, wala hapunguzi wala haongezi. Nilipomwambia aongeze kidogo upana wa kitanda kimoja ili kipendeze, alinitazama kana kwamba nimemwambia aibe.

Mimi nauza vitenge sokoni. Siku moja akaniomba kipande cha kushonea mapazia ya dirisha moja. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nauza kwa doti. Siuzi kwa kidole." Akacheka, akaenda kukata soksi yake. Nilijua nimemkatalia kwa ukali, lakini hasira zangu ndivyo zilivyo, hutoka kwanza kisha ndiyo nazitafutia sababu.

Mama yangu, Mae Kokugonza, anaishi nasi tangu macho yake yalipozimika, mwaka wa saba sasa. Ana miaka themanini na sita. Mikono yake ina nguvu, masikio yake yanasikia hata usichotaka asikie, na alikuwa na neno moja ambalo hakuacha kulirudia.

"Deodatha, mkinizika mbali na Mutalemwa, sitalala."

Mutalemwa ni kaka yangu ambaye sikumwona. Aliishi miezi miwili, huko Nyakasimbi, kwenye nyumba ya msonge ya babu yangu, Mae akiwa bibi harusi wa mwaka mmoja. Baba alikuwa safarini Bukoba na kahawa. Mae na mama mkwe wake walimzika mtoto wakiwa wawili tu, nyuma ya nyumba, kisha mama mkwe akamkataza asilitaje jambo lile, eti atafunga kizazi. Baada ya miaka mitatu wazazi wangu walihamia Songambele kufuata ardhi, na huko ndiko tulikozaliwa mimi na mdogo wangu Mwesiga. Msonge ulibaki kwa baba mdogo, ukaoza, ukaanguka. Mae alirudi kule kwenye misiba tu, na kwenye msiba bibi harusi wa zamani hazunguki nyuma ya nyumba za watu kutafuta chake.

Sasa shamba lile ni la Mwesiga, na Mwesiga anajenga nyumba ya tofali. Alitupigia simu Jumapili akiwa na furaha yake yote. Msingi unachimbwa Jumamosi. Tena wameelewana na jirani, Theoneste, wanyooshe mpaka, maana una kona ya ajabu inayoingia hadi kwenye uwanja wa nyumba. Watang'oa mramura mmoja tu, halafu kila kitu kitakuwa sawa.

Mramura ni mmea ambao kwetu hauulizwi. Una majani marefu, shina lake ukilikata linachipua, ukilichoma linachipua. Mababu waliupanda mipakani kwa sababu hiyo. Ukiuona umesimama katikati ya migomba unajua shamba la fulani limeishia hapo, na wewe na jembe lako mnageuka.

Mae alisikia habari ya msingi. Siku hiyo hakula, na kesho yake hakula.

"Mae, alikuwa upande gani?" nikamuuliza, kwa mara ya mia.

"Upande wa kulia. Nyuma ya kitanda changu. Hatua kumi na mbili kutoka ukutani."

Tulishalijua hilo. Mwesiga alishatafuta upande wa kulia miaka miwili mfululizo, kila alipopalilia kahawa, akasema pale hakuna hata jiwe. Nilimwambia Mae labda mvua nyingi zimepita. Ukweli nilikuwa nimekata tamaa, na nilikuwa nimeanza kumwomba Mungu amsahaulishe. Naliungama hapa.

Jumatatu hiyo Mwalimu alichukua utepe wake wa kupimia, daftari na andazi, akapanda bodaboda kwenda Nyakasimbi. Alirudi jioni na tope hadi magotini. Alikuwa amepima kila kitu. Mawe ya msingi wa msonge bado yapo, yamezunguka kama pete, na ndani yake migomba imenenepa kuliko popote shambani. Jiwe kubwa ambalo Mae alisema mlango ulilitazama, lile la kuanikia kahawa, bado lipo. Alipima mpaka wa Theoneste, mramura kwa mramura, hata ule wa kwenye kona.

"Huo si unang'olewa Jumamosi?" nikamwambia. "Wa nini?"

"Leo upo," akajibu.

Akaenda kuvunja mlango mbovu wa stoo, akaulaza juu ya stuli mbili katikati ya sebule yangu, akaanza kazi. Wageni niliwapokelea jikoni wiki nzima.

Nikiri kwamba ilikuwa ikinivuta. Mbavu za nyumba alizitengeneza kwa vijiti vya ufagio, akazikunja kwa mvuke wa birika. Paa alilifuma kwa nyasi alizozichambua moja moja, likashuka hadi chini. Alilifanya liweze kuinuliwa lote kama kawa. Ndani aliweka mafiga matatu ya changarawe, kiambaza cha matete, kitanda cha Mae. Sakafuni alitandaza nyasi laini, kama ilivyokuwa desturi. Nje, migomba ya karatasi, kahawa za mbegu za mtama, na mpakani vijiti vya kijani, kila kimoja mramura.

Alhamisi asubuhi tulimketisha Mae mbele yake. Kwa heshima ya ukwe Mwalimu hakumgusa. Aliniambia mimi niushike mkono wake, niuongoze.

Mae alipapasa paa, akatabasamu, mara ya kwanza wiki ile. Akapapasa mlango. Mwalimu akainua paa, na vidole vya Mae vikaingia ndani. Vikafika kwenye mafiga. Vikatafuta kitanda. Nikaviona vinasita, vinarudi, vinatafuta tena. Akauondoa mkono kama aliyeungua.

"Hii si nyumba yangu," akasema. "Hii ni nyumba ya mgeni."

Akaomba arudishwe chumbani. Nilimgeukia Mwalimu na hasira zangu zote. Nilimwambia amemfufulia bibi kizee uchungu wake ili apate kuchezea gundi. Nilisema na mengine, sitayaandika. Yeye alikuwa amesimama na paa mkononi, midomo inamchezacheza, kama alivyofanya zamani hesabu ilipokataa ubaoni.

Ijumaa hakugusa kitu. Alikaa tu akimtazama Mae akinywa uji. Mae huketi mahali pamoja siku zote, mgongo kwenye ukuta, uso mlangoni, ili amsikie anayeingia. Mwalimu akaweka kikombe chake chini.

"Mae, niwie radhi," akasema. "Ulipokuwa ukituambia kulia, ulikuwa umesimama wapi?"

"Kusimama?" Mae akashangaa. "Bibi harusi anasimama wapi? Nilikuwa nimeketi jikoni, natazama mlango."

Mwalimu akafunga macho. Mimi nilichelewa kuelewa, yeye akanieleza kwa mikono. Mwesiga alipotafuta, alisimama mlangoni akaangalia ndani, kulia kwake. Mwalimu alipojenga, aliingia kwa mlango, kulia kwake. Sote tuliingia nyumba ile kama wageni. Hakuna aliyewahi kuketi penye mafiga na kuangalia nje, na ukiketi hapo, kulia kunahamia upande wa pili.

Aling'oa kitanda na kiambaza kwa kisu cha mkate, akavihamisha. Nje hakubadilisha kitu. Nje alipima, na alichokipima hakigusi.

Mae alikubali kuketi tena kwa kunihurumia, nadhani. Nilimshika kifundo cha mkono, Mwalimu akainua paa. Vidole vikafika kwenye mafiga, vikageuka kuelekea mlangoni. Halafu vikaenda kulia, na kitanda kilikuwepo.

"Eh," akasema Mae, kwa sauti ya msichana.

Akautoa mkono wake mikononi mwangu. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vikasimama sakafuni kama miguu. Vikazunguka mafiga bila kuyagusa. Vikapita mlangoni, vikaambaa na ukuta kwa nje hadi nyuma ya kitanda, vikasimama. Kisha vikaanza kwenda, na Mae akaanza kuhesabu kwa Kinyambo, polepole, hatua kwa hatua juu ya ule mlango mbovu. Vilipita kati ya migomba ya karatasi. Nilikuwa natazama miguu ya mama yangu akiwa na miaka kumi na tisa, amebeba mtoto.

Hatua ya kumi na mbili, kidole kikagota kwenye kijiti.

Kilikuwa ule mramura wa kwenye kona.

Mae alikipapasa kile kijiti toka chini hadi juu. "Nani kawaambia nilipanda?" akauliza. Hakuna aliyetuambia. "Nilichomeka tawi la mramura usiku ule ule. Mama mkwe aliliona, akalikata, akasema mtoto mchanga hawekewi alama. Tulipohama palikuwa na kisiki tu. Nikajua na huo nao umekufa."

Nimeingia makanisa mengi, nimewasikia maaskofu, lakini sijawahi kuogopa kwa namna ile, woga usiotaka kukimbia. Ule mmea ulikatwa, ukachipua, na waliokuja baadaye wakaukuta umesimama. Kwetu mramura uliosimama ni mpaka, basi wakaupindisha mpaka wa shamba zima ili waufuate. Zaidi ya miaka sitini majembe yamefika pale na kugeuka. Hakuna mlinzi ambaye tungeweza kumwajiri akalinda namna hiyo.

Mwesiga hakupokea simu. Nilipiga mara tisa. Jumamosi alfajiri tulikodi gari, Mae mbele, mimi na Mwalimu nyuma, na moyo wangu ukiwa mbele kuliko Mae.

Tulikuta mafundi wamekaa juu ya tofali. Mwesiga alikuwa ameshika kiuno, anagombana na Theoneste, na Theoneste, mzee wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa ameketi kando ya mramura na jembe mapajani. Pembeni palichimbwa kidogo, mizizi ikionekana myekundu.

"Dada, afadhali umekuja," akasema Mwesiga. "Mtu tumeelewana, leo anabadilika."

Theoneste alisimama alipomwona Mae. "Shikamoo, Mae. Sikubadilika. Nilipiga jembe mara tatu, mkono ukakataa. Baba yangu alipopewa kipande hiki, alipokuja kufanya kibarua akitokea Rwanda, alitukataza kulima karibu na huu. Alisema aliyeupanda alikuwa na sababu, na sisi hatukuwepo. Tuliona anatutisha tu."

Nilimweleza Mwesiga. Sikumaliza, alishavua kofia. Akawaambia mafundi waondoe kamba zao, msingi utasogea, na mpaka utabaki na kona yake.

Mae hakusubiri kushikwa mkono. Nilimwelekeza kwenye mawe ya msonge, akasimama palipokuwa mafiga, akageuka kuelekea jiwe la kahawa, kisha akaenda. Hakuhesabu safari hii. Alipofika alikaa chini, akayakusanya yale majani marefu mapajani mwake, akayanyoosha moja moja.

"Mutalemwa," akasema. "Umekua."

Theoneste aligeuka upande. Mwalimu alikuwa analia waziwazi, utepe wa kupimia ukining'inia mfukoni. Mimi nilikaa karibu na mama yangu kwenye udongo. Mae akasema, kama anayezungumzia jambo la jana, kwamba mtoto alizikwa na nguo yake, nusu ya kitenge chake cha harusi, kwa sababu asubuhi ile palikuwa na baridi.

Nyumba ya kumi na nane bado iko sebuleni, juu ya mlango wake. Kila siku baada ya uji Mae hutoa vidole viwili na kwenda kumwona mwanawe, hatua kumi na mbili, kisha hurudi. Wageni wangu wamezoea jikoni.

Jumatatu baada ya safari ile, nilipofungua duka, nilishusha jora jipya, lile la bei ya juu nililokuwa nikilitunzia wateja wa Krismasi. Nilikata kutoka katikati, si pembeni, kipande cha upana wa kidole. Jioni nilimpa Mwalimu. Hakuuliza ni cha nini. Aliinua kijiti cha kijani cha kwenye kona kwa koleo lake dogo, na mimi nikakitandika kile kitenge chini yake.