Hakuna Asuuzaye Mabakuli Nyumbani

...na tena anasuuza, hii sasa ni mara ya nne, Mok Chi-kin amehesabu, mara mbili mkahawani, mara moja kwenye karamu ya harusi ya rafiki, na sasa hivi, pale kwenye skrini, msichana wa filamu anamimina chai ya moto ndani ya bakuli, anazungusha vijiti ndani yake, anamwaga, na ukumbi mzima unacheka kwa kuwa ndicho kichekesho chake, ndicho pekee alichopewa, hana mama, hana jirani, ana duka la maua ambalo hakuna aliyewahi kuingia kununua ua, na ana kusuuza, basi... lakini safari hii yuko nyumbani, jikoni kwake mwenyewe, mabakuli yametoka kabatini mwake, na hakuna mtu katika Hong Kong nzima anayesuuza mabakuli ya nyumbani kwake kwa chai, hilo ni jambo la mkahawani, unasuuza kwa sababu hujui nani ameosha, na nyumbani aliyeosha ni wewe, mtoto wa miaka minne analijua hilo, na Tsui Ka-lok, mwongozaji wa filamu hii, mzaliwa wa Sham Shui Po, humu humu mjini, aliyekaa miaka mitano darasani kwa Suk-han, marehemu mke wa Mok, analijua hilo, na bado aliiacha kamera iendelee, ama hakuona, ama aliona akasema watacheka tu, na kweli wanacheka, mwanamume wa safu ya nyuma anacheka mpaka anakohoa, na Mok anaweka mikono juu ya magoti, vidole vimenyooka, kama alivyokaa siku ya mazishi, siku ambayo huyo huyo Ka-lok alimshika kiwiko mbele ya wafiwa akamwambia, Mzee, nitamtengenezea Mwalimu filamu, watu watamjua, na yeye, mhandisi wa majengo, mtu wa kupima kitu mara mbili kabla ya kuweka sahihi, aliamini bila kupima hata mara moja... "Shemeji," anasema Suk-ching pembeni yake, mdogo wa marehemu, shavu limevimba kwa plamu kavu ya chumvi, "huyu binti ndiye dada? Mbona kama yuko kwenye tangazo la sabuni," naye anamwambia anyamaze, watu wanatazama, na moyoni anamshukuru, kwa kuwa ndivyo ilivyo, tangazo la sabuni, ngozi nyeupe, nywele zisizolowa hata mvua inaponyesha, na Suk-han nywele zake zililowa hata kwenye ukungu, alizikausha kwa taulo la vyombo huku akisahihisha insha, alama nyekundu zikichuruzika, hilo halimo, insha hazimo, wanafunzi hawamo, miaka thelathini na moja ya kufundisha haimo, msichana wa maua hajasoma kitabu hata kimoja tangu filamu ianze, na mwisho, Ka-lok alimwambia kwa simu kwa fahari kabisa, mwisho wa filamu kutakuwa na maandishi, kwa kumbukumbu ya Mwalimu Ngan Suk-han, yaani watu mia mbili watatoka humu wakijua kwamba Mwalimu Ngan alikuwa hivi, akitabasamu na kusuuza, na kesho ukumbi mwingine watu mia mbili, na keshokutwa, mpaka Suk-han wa kweli abaki kwenye vichwa viwili tu, cha Suk-ching na chake, na chake kina miaka sabini na mbili... ndiyo maana ameiandaa ile sentensi. Ka-lok atakuja, yuko nje ya mlango tayari na waigizaji wake, wanazunguka ukumbi hadi ukumbi kuwashukuru watazamaji kama wafanyavyo wote hapa filamu inapotoka, watapiga picha ya pamoja, kila mtu ainue mkono, na kipaza sauti kitapitishwa, na Ka-lok amekwisha kumtahadharisha kwamba atampa yeye wa kwanza, Mzee, maneno mawili matatu tu, na Mok ameandaa manne, mke wangu hakuwa huyu, kisha atakaa, hatapandisha sauti, hatatukana, sentensi moja mbele ya watu mia mbili na simu zao zilizoinuliwa, na kijana yule hatainua uso mjini humu mwaka mzima, na ni haki, ni haki kabisa, aliyekabidhiwa mtu akarudisha kopo tupu ana haki gani nyingine...

Kwenye skrini kijana wa filamu anakimbia uwanja wa ndege, bila shaka, anaruka masanduku ya watu, anamwangusha mtawa, ukumbi unacheka, msichana amesimama foleni na pasipoti mkononi, anakwenda wapi hakuna aliyetuambia, anaondoka kwa nini hakuna aliyetuambia, waligombana dakika kumi zilizopita juu ya mwavuli, na sasa anageuka na kusema, nilijua utakuja, na Suk-ching anatoa kokwa mdomoni, analifunga kwenye karatasi taratibu na kusema, si kwa sauti ya chini ya kutosha, "Nilijua utakuja. Dada hakujua kitu. Dada ndiye aliyekwenda," na kabla hajamnyamazisha anaongeza, "shemeji, lakini wewe huyu mtoto ulimwambia nini hasa?"... alimwambia nini, alimwambia yote, alikaa naye alasiri tatu kwenye mkahawa wa Yau Ma Tei, meza ya pembeni, Ka-lok na daftari lake, alimwambia kwamba Suk-han alipenda kukaa akitazama mlango, hakula kitunguu kibichi, alikunja magazeti mara nne, alisuuza mabakuli ya wenzake kwanza na lake mwisho, mambo ya hakika, yaliyopimika, na kijana aliandika na kungoja, akauliza, Mzee, alikuwa akikasirishwa na nini, akamjibu, hakuwa mtu wa hasira, akauliza, mliwahi kugombana, akamjibu, hapana, alasiri ya pili akauliza tena kwa njia nyingine, alasiri ya tatu akaiweka kalamu mezani... hilo alikuwa amelisahau, ile kalamu, jinsi ilivyobingirika ikagonga birika, na Ka-lok, macho mekundu kama mtoto aliyeshindwa mtihani, akasema, "Mzee, nisaidie. Mpaka sasa nina mwanamke anayesuuza mabakuli tu," na yeye, Mok Chi-kin, akatazama saa yake, akasema supu inapoa... inapoa, ndivyo alivyosema. Na lile jibu la hapana lilikuwa uongo. Walikuwa wamegombana mwaka tisini na mbili, nusu ya jengo lao ikifunga virago kuhama kabla mji haujabadili bendera, ya Waingereza kwa ya China, yeye akitaka Toronto, Suk-han akisema hawezi kuwaacha watoto wa kidato cha tano, Mok akaenda peke yake, akasema miezi sita, ikawa miaka miwili, na mwaka wa pili aliacha kupiga simu Jumapili, hakukuwa na mwanamke mwingine, angekuwepo ingekuwa rahisi kusimulia, aliacha tu, kama mtu anavyoacha kumwagilia mmea, akiona unakauka na akipita... na Februari mlango ukagongwa, Suk-han, raba za turubai miguuni, theluji mpaka kwenye vifundo, aliingia, akaketi akitazama mlango, naye kwa kukosa la kufanya akapika tambi, akatoa mabakuli kabatini, mabakuli yake mwenyewe, aliyoyaosha mwenyewe asubuhi ile, akayaweka mezani, na Suk-han akavuta birika, akamimina chai katika bakuli la mumewe, akazungusha vijiti polepole, akamwaga, kisha la kwake, polepole zaidi, halafu akasema, "Samahani bwana. Sijui huku nani anaosha vyombo," na akamtazama kwa uso mkavu kabisa, na yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka kucheka kukageuka kitu kingine, na Suk-han akala tambi zake, akazimaliza, na wiki tatu baadaye walikuwa ndegeni pamoja... nyumbani. Alisuuza nyumbani. Kwa hiyo mtu mmoja kati ya watu wote wa Hong Kong alipata kufanya hivyo, siku moja, na Ka-lok, bila kuambiwa, akipapasa gizani na ile orodha ya mambo yaliyopimika, ameugusa mlango wenyewe, na ameukuta umefungwa, na aliyeufunga amekaa safu ya tano, vidole vimenyooka. Yeye ndiye aliyemtoa Suk-han insha mkononi, na hasira, na ile safari, na zile raba, ili yeye mwenyewe asionekane amesimama kwenye ule mlango wa Toronto hana la kusema, na kilichobaki akampa kijana wa watu akamwambia huyu hapa, mtengeneze.

Maandishi yanapanda, jina la Suk-han linapita, kwa kumbukumbu ya, herufi nyeupe, sekunde tatu labda, taa zinawaka na Ka-lok anaingia kwa mlango wa pembeni na shati limelowa kwapani, anatabasamu kwa kila mtu na kumtazama mmoja tu, anasema asanteni, asanteni sana, anasema leo tuko na mume wa Mwalimu, na kipaza sauti kinaanza kupita mkono kwa mkono kutoka mwisho wa safu, bado watu watano, Suk-ching anamkanyaga mguu na kusema, "Mpe, shemeji, mpe kweli kweli," bado watatu, na yeye anaitafuta ile sentensi na inakuja, mke wangu hakuwa huyu, ni kweli, bado ni kweli, lakini imekuwa kama sentensi ya mtu anayetazama saa, bado mmoja, na sasa kimo mkononi mwake, kizito kuliko alivyodhani, kina joto la mikono ya watu, Ka-lok ameinua nyusi kama aliyekuwa akingoja tangu alasiri ile ya tatu, na Mok bado ameketi, anatafuta mahali pa kuanzia, si miaka miwili, si zile simu, hayo yatakuja, na lazima yaje, kwanza theluji, hapana, kwanza miguu yake, zile raba zilizolowa, aanze na raba.