Nafasi ya Ukunga

Katika wodi ya wazazi ya misheni moja nje kidogo ya Musoma, enzi za Mwingereza, hakuna aliyeshangaa Sista Mkuu aliposema nafasi ya kusomea ukunga ni ya Marcelina. Alikuwa mhudumu wa siku nyingi. Akina mama wakishikwa na uchungu, walimtafuta yeye kwanza.

Kabla hajasafiri, akafunga ndoa na Kasmiri, seremala wa Makoko. Wiki hiyohiyo Sista akamwita ofisini.

"Hongera, binti yangu. Ila mwenye mume hatumpeleki. Waliotangulia walishika mimba wakaacha kazi."

"Hao hawakuwa mimi, Sista."

"Najua. Lakini utaratibu ndio huo."

Kasmiri alipopata habari alivaa koti lake la kanisani, akaenda mwenyewe. "Mimi mume nimemruhusu. Sasa ninyi mnamkatazaga kwa nini?" Sista alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamfungulia mlango.

Chuoni akaenda Dorkas, binti kutoka Kiriba, ambaye Marcelina ndiye aliyemfundisha hata kumwosha mtoto mchanga. Alirudi na kofia nyeupe, mkubwa wa wodi.

"Shikamoo, Nesi," Marcelina alimwamkia.

Dorkas akainamisha kichwa. "Dada, usinifanyie hivyo."

"Kazi ni kazi." Akachukua ndoo, akaenda nyuma ya jengo. Alipokuwa akikamua mashuka machozi yalimtoka, naye akayaacha yatoke.

Haukupita muda mrefu Dorkas naye akachumbiwa. Sista akamwambia achague, mume au kazi. Akamfuata Marcelina kwenye kamba ya nguo. "Dada, nifanyeje?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Marcelina: onja na wewe. Likamtia hofu, kwamba amefika mahali pa kuwaza hivyo. Akalimeza.

"Twende wote," akasema, akamfunga vizuri mgongoni mwanawe, aliyezaliwa Dorkas akiwa chuoni.

Mbele ya Sista hakupandisha sauti. "Sista, mnamsomesha mkunga, akiolewa mnamwondoa. Mzazi anakuja anakuta wodi haina mtu. Mwaka jana tulimzika mmoja, na wewe ulikuwepo."

Sista aliinuka, akaenda dirishani. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umechoka.

"Dorkas atabaki. Nitajibu mwenyewe kwa wakubwa."

"Na Dada Marcelina?" Dorkas akauliza.

"Kule chuoni hawapokei mwenye mtoto anayenyonya. Hilo haliko mikononi mwangu."

Walitoka. Dorkas aliolewa, akafanya kazi na tumbo lake mpaka mwezi wa kujifungua, akarudi. Baadaye akapelekwa chuoni Esta, mke wa mtu kutoka Butiama, na hakuna aliyemuuliza habari za mume. Mtoto wa Marcelina wakati huo alishaacha ziwa zamani, lakini sasa chuo kilitaka vijana.

Asubuhi ya safari Marcelina alimsindikiza Esta mpaka lori la Bunda, amembebea mzigo.

"Na wewe, mama, mbona hukuendaga?" Esta akauliza.

Marcelina alimkabidhi kikapu cha viazi.

"Panda," akasema. "Lori linaondoka."