Mto Ulionyanyuka

Kimya alikuwa akimwonyesha mgeni wake namna ya kufunga nzi wa chambo kwenye mshipi. Nzi mwenyewe alitengenezwa kwa manyoya ya jogoo na uzi mweusi, mdogo kama punje ya mchele, na ndoana yake imefichwa tumboni.

"Lilowanishe fundo kwa mate kwanza," alisema, "kisha vuta polepole. Ukilikaza kavu litakatika samaki akikurupuka."

Mgeni alikuwa daktari wa meno, mtu wa kazi za vidole, akapatia mara ya kwanza. Baridi ya asubuhi ilikuwa inang'ata. Wakachukua fimbo zao za kuvulia, wakashuka njia ya mawe, Kimya mbele. Jina hilo alipewa na wenzake wa kambi ya uvuvi kwa sababu hakuwahi kumpigia mgeni kelele. Trauti, samaki wa mto huo, wana masikio ya umbeya, aliwaambia wageni, nao wakanyamaza wenyewe.

Walipofika ukingoni, mto ulikuwa umenyanyuka. Ulipita hewani, juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, kwa kona zake zilezile na kasi yake ileile, na chini yake kote kulikuwa wazi. Trauti walionekana kwa upande wa tumbo, weupe, wakipepesa mapezi kuukabili mkondo. Jua lilipenya majini, likatoka limekuwa kijani, likatembea juu ya nyuso zao. Daktari wa meno alivua kofia.

"Hapa mtu anatupaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kama kawaida, ila juu kidogo."

Akatupa. Nzi akapanda, akanasa kwenye uso wa maji wa upande wa chini, akaelea miguu juu. Trauti mmoja mkubwa akashuka taratibu kumkagua.

Kimya hakumtazama samaki. Alikuwa akitazama sakafu ya mto. Kwenye changarawe kulikuwa na misingi ya nyumba, vizingiti, mafiga yaliyokaa matatu matatu, na jiwe la kusagia limelala ubavu. Miaka nenda miaka rudi alikuwa amewapitisha wageni juu ya mawe hayo, maji yakiwa magotini, akiwaonya wasijikwae. Akatoa simu, akampigia mama yake.

Mama alikuja kwa pikipiki, ameshika fagio. Aliinua macho, akautazama mto ukipita, akasema, "Eh, umependeza," kisha akateremka. Alipita nyumba baada ya nyumba akizitaja: hapa fundi cherehani, hapa shangazi yako mkali, hapa wale pacha wezi wa sukari. Kwenye kizingiti kimoja akavua viatu.

"Ingia, mwanangu. Chumba hiki ndicho nilichokuzalia."

"Si ulisema tulihamishwa na mafuriko?"

"Ndivyo tulivyoambiwa tuseme. Mto ulikuwa unapita kule." Alionyesha bonde kavu nyuma ya kilima. "Kambi ikauleta huku ili vidimbwi viwe na kina, samaki wanenepe. Baba yako alibeba mlango kichwani mpaka mjini, mlango usio na nyumba."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa umepata kazi. Ulikuwa unarudi nyumbani unacheka."

Kimya aliketi kizingitini, kivuli cha maji kikimpita usoni.

Meneja wa kambi alikuja na mabuti yake mapya. Aliutazama mto mpaka shingo ikamuuma.

"Shikamoo, mama. Samahani, hapa huwezi kukaa. Kisheria uko ndani ya mto."

"Marahaba. Mbona silowi?"

"Sheria haiangalii kulowa." Akamgeukia Kimya. "Mtoe mama yako taratibu, asije akaumia."

Kimya alilichukua fagio mkononi mwa mama yake, akaanza kuondoa changarawe chumbani. Alianzia pembeni, kama alivyofundishwa utotoni. Meneja alisubiri kidogo, akaona anamwagiwa vumbi, akapanda zake ukingoni.

Hakuna aliyefukuzwa na hakuna aliyerudishiwa chochote. Fundi cherehani alirudi, na mmoja wa wale pacha. Wageni waliongezeka. Kimya aliwafundisha kutupa juu, na kupiga hodi kabla ya kuvuka sebule ya mtu. Nao walipiga hodi, wakakaribishwa, wakavua. Kambi iliweka kibao kipya langoni kikisema mto huu umepita hapa tangu dunia kuumbwa. Wenyeji waliomba ruhusa ya kuezeka. Ofisi ikajibu kwamba paa lolote litakuwa kizuizi ndani ya mto, na haliruhusiwi.

Jioni moja, wageni wakiwa wamekwisha kupanda kambini, Kimya alikwenda kumwamkia mama yake. Alimkuta amelala chali kwenye mkeka, katikati ya kuta zisizofika magotini. Juu yake walipita trauti wachanga, wembamba kama sindano, maelfu kwa maelfu, na kila mmoja alikuwa amebeba kijipande cha mwanga wa machweo mgongoni. Maji hayakutoa sauti. Kimya alisimama pale mlangoni, kinywa wazi, mkoba ungali begani.

"Sogea kidogo, mwanangu," mama alisema. "Unanizibia."