Kompyuta Iliyobanikwa

"Mayo! Usiishike, yaya, itakuunguza!" Matildah, jirani aliyezoea kumwita dada, alipiga kelele, lakini Fidélie alikuwa amekwisha kutumbukiza mikono yote miwili kwenye moshi.

Juu ya uchanja wa Matildah, katikati ya samaki wa makobo waliopasuliwa migongo na kuiva rangi ya shaba, ililala kompyuta ya Fidélie. Ilikuwa imetandazwa wazi kama samaki wenzake, kioo upande huu, herufi upande ule, na moshi ukipanda kati yake bila haraka. Fidélie aliinyakua, akaitupa kwenye mchanga, akapuliza vidole. Kisha akapiga magoti mbele yake kama mtu aliyeletewa maiti.

"Matildah. Umefanya nini?"

"Yaya, ilikuwa inatoka mayi! Mvua ilipita pa manyasi ya nyumba yako, ikaingia mu sanduku. Miye ninaikuta inalia mayi tu, na weye umeenda kanisani. Sasa kintu ikilowa, tunafanyaka nini? Tunatia pa moto. Niliweka moto ya mutoto, moto kidogo sana. Na niligeuza! Niligeuza pande zote mbili."

Hakukuwa na ubaya wowote usoni mwa Matildah. Alizaliwa hapo hapo Kashikishi, ukingoni mwa ziwa Mweru, ambako kitu kilicholowa kina dawa mbili tu. Dagaa wadogo wa chisense hupewa mchanga na jua. Samaki wakubwa hupewa moshi. Asubuhi ile jua lilikuwa limejificha, basi akachagua moshi. Hivyo ndivyo alivyowahi kuokoa viatu vya mumewe na Biblia ya baba yake iliyoanguka majini kutoka mtumbwini, Biblia ambayo inasomeka mpaka leo, ingawa ukifungua Zaburi unasikia njaa.

Fidélie alijaribu kuufunga mfuniko. Ulikataa. Joto lilikuwa limeupinda, ukabaki wazi kama mdomo wa mtu aliyeshangazwa.

Alitaka kulia. Akakasirika badala yake, na hasira ikamfaa zaidi.

Ujanani, kule Pweto, ng'ambo ya Congo, Fidélie alikuwa dactylo. Alikaa kwenye kiti, akavaa viatu vyenye kisigino, na vidole vyake vilikimbia juu ya mashine ya kuandikia hata mkuu wa ofisi akawa anasimama mlangoni kusikiliza. Kisha mishahara ikafa, ofisi ikafa, naye akavuka ziwa kuja huku Kashikishi, akajifunza kubanika samaki. Moshi ulimpa chakula na ukachukua kifua chake. Akikohoa, majirani walijua kumekucha. Kwa hiyo Willy, mfanyabiashara wa kutoka Lubumbashi, alipokuja na kompyuta ya kukunja aliyoifunga ndani ya kikwembe, Fidélie alimpa samaki wake wote wa msimu mzima, akaichukua.

Soko lote lilicheka. Ilikuwa kompyuta ya kijivu, nzito, ya bei rahisi tangu ilipotoka kiwandani, na mwenyewe wa kwanza aliichoka siku kompyuta za rangi zilipofika. Betri yake ya ndani ilikuwa imekufa zamani. Haikuwa na rangi wala muziki. Ilijua kuandika, na kukihifadhi kilichoandikwa kwenye disketi, basi.

"Na miye ninataka kuandika," Fidélie aliwajibu. "Basi tumepatana."

Na kazi ilikuwapo. Jumapili, kwaya za ng'ambo zote mbili zingekutana kisiwani Kilwa, humo humo ziwani, na Davison, kiongozi wa kwaya ya Kashikishi, alitaka nyimbo ziandikwe kwenye karatasi ili wageni waimbe pamoja na wenyeji. Alimwahidi Fidélie: kazi ikitoka safi, maandishi yote ya kanisa yatakuwa yake, ya ndoa, ya misiba, ya mikutano. Isipotoka, kazi itakwenda kwa kijana Katongo mwenye kompyuta mpya. Fidélie hakuwa tena na samaki wa kuuza. Angebaki kubanika samaki wa watu, kwa ujira, mpaka kifua kikatae.

Leo ilikuwa Ijumaa. Mashua ya kwenda Kilwa ingeondoka kesho alfajiri.

Akaifunga kompyuta kwenye chitenge, mdomo wazi vile vile, akashika njia. Matildah alimfuata nyuma akiomba msamaha kwa Kibemba na kwa Kiswahili, kwa zamu.

Chumba cha Katongo kilikuwa karibu na soko. Humo alichaji betri za magari za watu wenye redio na video, na humo, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, ilikaa kompyuta yake mpya kutoka Kitwe, na printa ubavuni.

Katongo alinusa kabla hajageuka. "Ba mama, hii ni ya kutengeneza ao ni ya kula?"

"Fungua, uangalie."

"Nilete na ubwali wa kuilia kabisa?"

"Katongo! Fungua."

Alichukua bisibisi, akafungua tumbo la mashine, akachungulia kwa tochi. Akapitisha kidole ndani, akakitazama kidole.

"Mayi hakuna," alisema polepole. "Hata tone. Imekauka kuliko samaki."

"Nilisema!" Matildah aliruka. "Miye njo fundi!"

"Ungeacha kidogo tena, fundi, ingekuwa mukaa." Akairudishia skrubu zake, akaunganisha waya mbili kwenye betri ya gari. Mashine ile ilitengenezwa na watu waliojua kwamba si kila mahali kuna ukuta wenye umeme. Ilikubali betri ya gari bila kununa. "Haya. Tuone vile itakufa."

Kioo kilibaki cheusi. Nje mtu aliita mnunuzi, mbuzi akajibu. Kisha ndani ya mashine kitu kikakoroma, kikakoroma tena, na pembeni mwa kioo chenye doa la kahawia kama chai iliyomwagika, kistari kidogo kikatokea. Kikazimika. Kikatokea. Kilikuwa kinapepesa kama jicho.

Fidélie hakupiga kigelegele. Matildah alipiga kwa niaba ya wote wawili.

"Bon," alisema Katongo, akijikuna shingo. "Imeamuka. Lakini, ba mama, huyu ni muzee. Yangu iko na rangi maelfu. Inaimba. Inafanya kila kintu."

"Na wimbo wa Yesu utauandika na rangi gani?"

Mara mlango ukazibwa na mwili mpana wa Davison. Habari ya kompyuta iliyobanikwa ilikuwa imemfikia njiani, na ilikuwa imenenepa: aliambiwa imeungua pamoja na nyumba.

"Mama Fidélie, pole sana. Nimekuja kumwambia Katongo aanze kazi."

"Iko nzima, tata," alimjibu kama anayemjibu baba. "Tazama."

Davison aliutazama ule mdomo uliopinda, akanusa, akageuza uso kwa heshima. "Mama, tutakuwa mbele ya wageni. Katongo, anza."

"Ninaanza sasa hivi," alisema Katongo. "Leta maneno."

"Maneno yapi?"

"Ya nyimbo, ba tata. Karatasi ziko wapi?"

Davison alicheka kama mtu aliyeulizwa mahali pa kununua upepo. "Karatasi? Hizo nyimbo hakuna mutu amewahi kuziandika. Ziko mu vifua vya wanaume, pale pa mwambao wanashona nyavu. Na jioni wanaingia ziwani."

"Basi bakuye hapa kuimba."

"Kwaya nzima? Wakati wa kushona? Nani ataacha wavu?"

Katongo aliitazama kompyuta yake nzuri. Akautazama waya wake uliopigiliwa misumari ukutani. Hiyo haikuwa ya kubebwa mpaka mwambaoni.

Fidélie alikuwa tayari amekwisha kuifunga yake kwenye chitenge. "Katongo, nikopeshe betri."

Kijana alisitasita. Kisha akainama mwenyewe, akaitoa betri chini ya meza, akamtwika Matildah kichwani juu ya ngata. "Muende nayo. Lakini muirudishe nzima. Na musiibanike."

"Mpaka jua liguse maji," alisema Davison. "Nikikosa nyimbo leo, Mama Fidélie, sitakuuliza mara ya pili."

Mwambaoni nyavu zilikuwa zimetandazwa kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, na wanaume wa sauti nzito wamekaa juu yake, uzi wa wavu umeng'atwa kwa meno. Matildah aliishusha betri kwenye mchanga. Fidélie alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaiweka mashine mapajani.

"Harufu ya makobo!" mmoja akasema. "Ba mama wametuletea chakula."

"Imba kwanza. Anayeimba vibaya hali."

Wakacheka, na kwa kuwa walicheka, wakaanza kuimba. Walianza ule wimbo wa baba zao, walioufufua vita vilipoanza ng'ambo mwaka uliopita, wakati ndugu zao walipokuwa wanavuka usiku na magodoro vichwani:

*Ziwa halina mlango,*
*nani atafunga njia?*
*Bwana kapita majini,*
*na sisi tutapitia.*

Vidole vya Fidélie vilishtuka. Miaka yote vilikuwa vimejua kupasua samaki tu, vimekatwa na mapezi, vimeiva kwa makaa. Mstari wa kwanza vilikwenda kama watu wanaotembea gizani. Wa pili vikatambua mlango. Kufikia wa nne, Pweto yote ilikuwa imerudi mikononi mwake: kiti, dirisha, visigino. Kile kitufe kirefu cha kutenganisha maneno kilikuwa kimelegea kwa joto, kila mara alikipiga kwa kidole gumba kama anayevunja kijiti, na kila mara kiliitika.

"Si 'tutapitia'," alisema mzee wa nyavu za kushoto. "Baba alituimbisha 'tutafikia'."

"Baba yako alikuwa amelewa!"

"Baba yangu alikuwa shemasi!"

"Shemasi halewi?"

Ugomvi ukawaka, nyavu zikaachwa, watu wakasimama. Fidélie alifuta neno, akaandika lingine. Akafuta hilo, akarudisha la kwanza. Na kioo kikabaki safi kila mara, bila alama, kama mchanga uliopitiwa na wimbi. Kwenye mashine yake ya zamani ya Pweto angekuwa amechafua karatasi nzima. Davison alikuja akasimama nyuma yake. Mwanzoni aliamua ugomvi. Baadaye alisahau kuamua, akawa anasoma tu, midomo ikicheza.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "unaandika kabla hawajamaliza kuimba."

"Ninawangojea, tata. Wanachelewa."

Wimbo ukafuata wimbo. Za Kiswahili, za Kibemba, na ule mmoja ambao nusu yake ni Kiswahili na nusu Kibemba kwa sababu aliyeutunga alioa ng'ambo. Jua lilikuwa upana wa kiganja juu ya maji wakati kioo kilipoanza kufifia. Betri ilikuwa inachoka. Fidélie hakuinua uso. Alimaliza mstari, akaihifadhi kazi yote kwenye disketi, na ile mashine nzee ikakoroma mara ya mwisho na kumrudishia kile kijisahani cheusi kikiwa na joto kama andazi.

Wakarudi kwa Katongo karibu wanakimbia.

Kijana aliinusa disketi, akatikisa kichwa, akaitia kwenye kompyuta yake mpya. Hapo ndipo Fidélie aliogopa kweli. Mashine kubwa ilinguruma. Ikanyamaza. Ikanguruma. Itawezaje hii ya kitambaa cheupe kusoma maneno ya ile ya moshi?

Kisha kioo kikang'aa, na maneno yakashuka juu yake, mstari chini ya mstari, yote, bila pengo.

"Rangi maelfu," alisema Matildah akiinama mbele ya kioo, "na maneno ni meusi tu."

Katongo alicheka mpaka akashika meza. Akawasha printa. Ukurasa wa kwanza ulitoka ukipiga kelele, na Davison akaudaka kabla haujaanguka. Alisoma kimya. Akasoma tena, akiutafuta wino uliovuja, neno lililokatwa, kitu chochote cha kulaumu. Halafu mtu huyu mpana akavuta pumzi, akaanza kuimba kutoka kwenye karatasi, sauti kamili, hadi wauza nyanya wa nje wakaitikia.

"Jumatatu uje kanisani, mama," alisema alipomaliza. "Uje na hiyo mashine yako. Hiyo hiyo."

"Na za kuchapa ulete hapa," aliongeza Katongo. "Hii yangu inapenda kuletewa kazi."

Jumapili, kisiwani Kilwa, watu wa ng'ambo walipokea karatasi kwa mikono miwili. Walikuwa wamekuja kwa mashua kutoka Congo, wengine na nguo pekee walizokuwa nazo. Kwaya ya Kashikishi ilianza, na kwenye mstari wa pili wageni wakaingia, kwanza wale wa mbele wenye kusoma, kisha wale wa nyuma walioshika mabega ya wa mbele, mpaka haikujulikana tena ng'ambo ipi inaimba. Fidélie alisimama kando na chitenge mkononi. Hakukohoa. Alikuwa anaimba.

Misa ilipokwisha alikuta mtu amekaa kwenye mizizi ya mti, kando ya mzigo wake wa mashine: mwanamke wa makamo, aliyekauka, mwenye lafudhi ya Moba, mbali kule Congo.

"Ni weye mama wa mashini?"

"Ni miye."

"Kwetu kulikuwa na wimbo. Bale tulikuwa tunaimba nao, miye sijui bako wapi. Wimbo nimebaki nao peke yangu." Akaitazama ile mashine ya kijivu iliyopinda, yenye mdomo wazi. "Ile inaweza kuushika?"

Fidélie aliitafuta ile betri, ambayo Katongo aliichaji upya akawakopesha kwa safari. Matildah alikuwa amekwisha kuileta. Kistari kikatokea kwenye kioo, kikazimika, kikatokea. Mwanamke yule alifumba macho, akalowesha midomo, na Fidélie akaweka vidole juu ya herufi, akangoja.