Uso wa Kisahani cha Tatu

Kabla ya adhana ya alfajiri, kijiko kilikuwa kikikwaruza jani la mshubiri jikoni kwa Bi Mwanaheri, polepole, kisimwamshe mjukuu wake. Ute ulidondokea kikombeni. Nasma alikuwa aolewe Ijumaa, na uso wake ulijaa chunusi zenye usaha.

"Bibi, ninunulie krimu dukani kwa Azan," Nasma alisema alipoamka. "Tangu biashara ziwe ruksa, wenzangu wote wanapaka."

"Mke mwenzangu, hapakwi mtu kitu nisichokijaribu."

Bi Mwanaheri alijaribu dawa kama mama yake alivyojaribu. Alipoza uji wa mchele kwenye visahani vitatu, akagusisha usaha wa Nasma kila kimoja kwa pamba, akafunika kwa kawa. Kesho yake uji ulikuwa umeganda, na kila kisahani kilikuwa na uso wa Nasma, mdogo kama kiganja cha mtoto, na chunusi zake zote.

"Shikamoo bibi," nyuso zilisema.

"Marahaba, wajukuu zangu."

Wa kwanza aliupaka ute wa mshubiri, wa pili ute uliopondewa mwarobaini, wa tatu krimu ya Azan, ambayo jirani yao Fatu alimgawia bila kuombwa mara mbili. Kufikia adhuhuri chunusi za uso wa kwanza zilikuwa zimenywea. Wa pili ulilalamika kuwashwa, kisha ukapoa. Wa tatu uling'aa, ukawa mweupe kama sahani yenyewe, Nasma akapiga kigelegele.

Alasiri ngozi ile ilibambuka. Chini yake ulitokea uso wa Zamda, mke wa Azan, wenye madoa na vidonda. Azan alikuwa akisema mkewe amekwenda kwao Salale.

"Kumbe hukusafiri," alisema Bi Mwanaheri.

"Nipo chumba cha uani, bibi. Alinipaka ili wateja wanione. Sasa hataki wanione."

Nasma hakuitaja krimu tena. Alikifunika kisahani kwa ncha ya kanga yake, inzi wasimsumbue.

Azan aliitwa. Alivua kofia, akainamia kisahani.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya." Akamgeukia Bi Mwanaheri. "Nisipouza mimi, Bi Mkubwa, atauza mwingine."

Akarudi dukani kufungua maboksi mapya ya krimu yaliyofika kutoka Kibiti.

Ijumaa, baada ya kupakwa mshubiri, Nasma alitolewa nje uso laini, weusi wake umekolea. Wageni walimsifu sana. Wakati wa kurudi makwao, walipitia dukani kununua krimu.

Bi Mwanaheri hakukimwaga kisahani cha tatu. Kila alfajiri alikwaruza jani, akachovya kidole, akampaka Zamda kuanzia kipajini, kwa upole, kama anayemnawisha mtoto mchanga. Kidonda cha shavuni kilikuwa kimeanza kufunga. Alijua vingine vitafuata.

Zamda alifumba macho.

"Mkono wako mwepesi, bibi," alisema. "Kesho upite tena."