Neno la Kumi

Glenys Tregenza alianza kumshuku Bryce Pfitzner kwa sababu alijibu vizuri mno.

Ilikuwa Jumanne, siku ya mazoezi, wiki ya raundi ya mwisho ya ligi ya jimbo ya kandanda ya Australia, ile ya kudaka mpira kwa mikono. Jumamosi iliyotangulia, kwenye uwanja wa Hollis, Bryce aliruka kudaka mpira na goti la beki likamgonga nyuma ya sikio. Aliinuka akicheka, akaupiga mpira, akafunga goli. Lakini mchezaji yeyote aliyegongwa kichwa lazima asomewe maneno kumi, akae dakika chache akiulizwa mambo mengine, kisha ayarudie. Mwezi wa tatu, kabla msimu haujaanza na akiwa mzima wa afya, Bryce alikumbuka sita. Jumanne hiyo alikumbuka yote kumi, tena kwa mpangilio uleule.

"Unaona, Mama Glen?" alimwambia huku akiinamia kamba za viatu. "Kichwa kimetulia."

Glenys aliandika kumi kwenye fomu, akampa ruhusa. Alikuwa mkuu wa huduma ya kwanza wa klabu ya Penhale kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote aliwahi kuwaona watu wawili tu waliopata kumi. Mmoja alikuwa mwalimu wa hesabu.

Alhamisi alimtazama kwa makini zaidi. Taa za uwanja zilipowashwa Bryce alishusha kofia hadi kwenye nyusi. Alipoitwa kutoka upande wa kushoto aligeuka mwili mzima, kama mtu mwenye shingo ya ubao. Baada ya mazoezi wenzake walijipanga dirishani kununua pai za nyama. Yeye alisema ameshakula, akaondoka. Na hili halikuwa jambo dogo, maana Bryce alikuwa mtu wa pai tatu.

Glenys alimfuata kocha, Rohan Vickery, ofisini kwake. Alimweleza kwamba ana wasiwasi. Rohan alisikiliza huku akipanga vibao vya majina kwenye ubao wa sumaku, na kibao cha Bryce kilikuwa tayari mbele, kwenye safu ya washambuliaji. Alimuuliza kama jaribio alifaulu au alifeli. Glenys akasema alifaulu. Basi, Rohan akasema, yeye hana elimu ya kubishana na karatasi. Alisema kwa upole sana, na upole huo ndio uliomtia Glenys shaka ya pili. Mkataba wa Rohan ulikuwa unaisha mwezi wa tisa. Penhale ilikuwa nafasi ya tano, na tano za juu ndizo zinazoingia fainali. Marden Vale walikuwa nyuma yao hatua moja. Na Jumamosi Bryce alikuwa anatimiza mechi yake ya mia mbili, mabango yalishachapishwa.

Kadi za maneno zilikuwa tatu, zinakaa kwenye droo ya chumba cha matibabu, chini ya bendeji. Glenys alizitoa akazitazama. Yeye huzipanga moja, mbili, tatu. Sasa zilikuwa tatu, moja, mbili. Alikaa kwenye kitanda cha kukandia akiwa amezishika, akijaribu kukumbuka kama ni yeye aliyezivuruga. Hakukumbuka. Akaanza kuwaza nani anaingia chumba kile, na kila alipowaza aliuona uso wa Rohan.

Jumamosi asubuhi upepo wa Agosti ulivuma kutoka ghubani, baridi yake ikiingia hadi kwenye meno. Magari yalikuwa yameshaegeshwa kuzunguka uwanja, pua zikielekea nyasi, watu ndani wamejifunga mablanketi ya rangi za klabu. Timu ya akiba ilikuwa bado inacheza. Glenys alipita chumba cha vifaa, ambako Lorne Kuhlmann alikuwa akitundika jezi kwenye misumari, moja moja, namba zikitazama nje.

Lorne alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa mtunza vifaa wa Penhale tangu kabla Glenys hajaja, na mume wa Glenys alipofariki ni Lorne aliyemwendesha makaburini na kumrudisha, bila kumlazimisha kuongea. Kama kulikuwa na mtu wa kumfungulia moyo kwenye klabu ile, ni yeye. Glenys alifunga mlango, akamwambia yote: kumi, kofia, pai, kadi zilizovurugwa. Akamwambia anavyomshuku Rohan.

Lorne aliinyoosha jezi namba kumi na nne, ya Bryce, ingawa haikuwa na kunyanzi. "Mwaka mzima huu umekuwa ukiona majini, dada," alisema. "Mwache kijana acheze mechi yake ya mia mbili."

"Akiwa mzima atacheza. Ila akiguswa tu leo, namwita ndani. Nitamsomea kadi ya pili. Rohan hawezi kujua nimechagua ipi."

"Kadi ya pili," Lorne alisema. "Haya."

Daktari wa timu alikuwa Perth kwenye harusi ya binti yake, na daktari asipokuwepo uamuzi ni wa mkuu wa huduma ya kwanza. Glenys alikuwa na barua ya ligi inayosema hivyo. Aliikunja akaitia mfuko wa koti.

Penhale waliwakaribisha Brennock saa nane na dakika kumi. Bryce alitoka mbio akiwa peke yake mbele, wenzake wamesimama pembeni wakimpigia makofi, na honi za magari zikalia uwanja mzima. Glenys alimwona akikunja uso kwa zile honi. Robo ya kwanza alifunga magoli mawili, moja kutoka pembe ambayo wengi wasingethubutu. Watu walifurahi. Glenys hakufurahi, aliangalia miguu yake tu. Mara mbili Bryce alikimbilia mahali ambapo mpira haukuwepo. Mara moja alisimama nafasi ya beki, mpaka nahodha akamsukuma arudi mbele.

Zikiwa zimebaki dakika sita kufika mapumziko, bega la mtu wa Brennock lilimpata shavuni. Halikuwa pigo la kutisha. Bryce alibaki wima, kisha magoti yakalegea kidogo, kama mtu aliyekosea ngazi ya mwisho, kisha akasimama tena. Ndani ya magari pengine hakuna aliyeona. Glenys aliona. Filimbi ya mapumziko ilipolia alimshika mkono kabla hajafika kwenye mlango wa vyumba.

"Njoo kwangu kwanza, mwanangu."

Alimkalisha kwenye kitanda. Rohan aliingia bila kubisha, akasimama kwenye kona na mikono kifuani. Lorne naye alikuwa mlangoni na ndoo ya barafu. Glenys hakumfukuza yeyote. Alichukua kadi ya pili akasoma polepole, neno moja kila sekunde: kijiko, farasi, dirisha, limau, kofia, mchanga, shoka, redio, sabuni. Akaiweka kadi kifudifudi kwenye paja lake. Akamtaka Bryce ahesabu miezi kinyumenyume, asimame kwa mguu mmoja, afuate kidole kwa macho. Ukutani saa ilikwenda. Rohan alikohoa.

"Sasa niambie yale maneno."

Bryce alifumba macho. Alianza kama mtoto anayesali shuleni. "Kijiko, farasi, dirisha, limau, kofia, ngazi, mchanga, shoka, redio, sabuni." Akafumbua. "Kumi."

Barafu ilisogea ndani ya ndoo.

"Nimekusomea tisa, Bryce," Glenys alisema. "Ngazi iko kwenye kadi. Sikuisoma."

Bryce alimtazama. Hakuonekana mtu aliyefumaniwa. Alionekana mtu aliyechoka, ambaye hajui kama acheke au aombe radhi. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la Glenys kuelekea mlangoni, mara moja tu, yakarudi chini.

Glenys alikuwa amejiandaa kumgeukia Rohan. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini yalimfia palepale, kwa sababu alikumbuka kwamba kadi ya pili hakumtajia Rohan. Alimtajia mtu mmoja tu duniani. Aligeuka. Lorne alikuwa anaitazama ndoo yake.

"Hachezi tena," Glenys alisema.

"Amekumbuka maneno yote," Rohan alisema. "Anaongea, anasimama. Glenys, tuko mbele kwa pointi kumi na moja. Fikiria unachokifanya."

"Nimeshafikiria tangu Jumanne."

Alitoka mwenyewe hadi kwenye meza ya karani wa mabadiliko, akamwandikisha kwamba namba kumi na nne ametolewa kwa ajili ya kichwa. Likishaandikwa halifutiki, hata kocha akilia damu.

Nusu ya pili aliitazama akiwa benchi moja na Lorne, na kati yao taulo na chupa za maji. Kila Lorne alipoinuka kupeleka maji, Glenys aliifuata migongo ya mikono yake kwa macho na kujiuliza mambo ambayo hakuwahi kujiuliza: mwaka ule beki wao alipocheza na kidole kilichovunjika, nani alimfunga ile plasta? Yule kijana wa Port Lincoln aliyesema bega limepona, alijifunza wapi kuinua mkono bila kukunja uso? Miaka kumi na tisa ilianza kumgeukia, mwaka baada ya mwaka. Hakujua kipi ni kweli na kipi anakitunga.

Bila Bryce, washambuliaji wa Penhale walipotea. Walifungwa kwa pointi nne. Alipokuwa anavuka kuelekea vyumbani, mwanamume aliyejifunga skafu ya klabu alimwinamia juu ya uzio akamuuliza Brennock wamemlipa nini. Mwingine akamwambia astaafu, abaki na ufumaji wake. Glenys aliendelea kutembea.

Kwenye chumba cha matibabu alimkuta Tamsin, mke wa Bryce, amemshikia mumewe ndoo. Bryce alikuwa ametapika. Tamsin hakuja kugombana. Alisema kwamba tangu Jumapili Bryce analala gereji, kwa sababu ndani kuna mwanga na watoto. Alisema walikaririshana yale maneno thelathini kila jioni, yeye akishika karatasi, na kwamba Bryce alikuwa akizichanganya kadi mpaka asubuhi hiyo alipoambiwa ashike ya pili tu.

"Nilikuwa nafanya nini, Mama Glen?" alimuuliza. "Yaani nilikuwa nafanya nini?"

Glenys alimshika bega, akawaitia gari la wagonjwa.

Jumapili mchana alirudi uwanjani. Alijua atamkuta. Lorne hufua jezi Jumapili na kuzianika nyuma ya jukwaa, kwenye kamba ndefu. Redio ndogo ilikuwa juu ya kiti, ikitangaza mechi ya mwisho ya raundi: Marden Vale dhidi ya Hollis. Marden Vale wakishinda, Penhale msimu umekwisha. Wakifungwa, Penhale wanaingia fainali hata kwa kushindwa kwao. Ilikuwa robo ya tatu, na Marden Vale walikuwa mbele.

"Nataka ufunguo wa chumba changu," Glenys alisema.

Lorne aliuchomoa kwenye mkufu wa funguo zake. Vidole vilikuwa vimelowa na ulikuwa mgumu kutoka; Glenys hakumsaidia.

"Alinililia," Lorne alisema baadaye. "Jumapili iliyopita, hapa hapa. Alisema akikaa nje wiki hii hatafika mia mbili, msimu ujao hawatamchukua, ana miaka thelathini na mbili. Nikaona ni maneno tu. Kijiko, farasi. Nikasema maneno yatamdhuru nini mtu?"

"Na jana asubuhi? Nilikwambia kadi ya pili, Lorne. Wewe peke yako."

"Ulinambia nikiwa nimeshika jezi yake."

"Rohan alijua?"

Lorne alifikiri. Glenys alimwangalia usoni akitafuta uongo, na alichukia kwamba sasa anamtafutia uongo mtu huyu.

"Hapana," alisema. "Rohan hakujua. Aliniuliza Alhamisi kama Bryce yuko sawa, nikasema yuko sawa, na akaondoka haraka sana. Kama mtu asiyetaka nimalizie."

Redioni sauti ya mtangazaji ilipanda. Hollis walikuwa wamefunga matatu mfululizo. Wote wawili walisikiliza, Lorne na kibanio mdomoni, Glenys na ufunguo mkononi, mpaka king'ora cha mwisho. Marden Vale walifungwa kwa pointi moja. Penhale walikuwa ndani.

Hakuna aliyeshangilia. Simu ya Glenys iliita karibu papo hapo, ilikuwa Rohan. Alimpa pongezi, akasema bahati imewaangukia, akasema jana watu walipandisha hasira. Kisha akauliza, kwa upole uleule wa Alhamisi, Bryce atahitaji siku ngapi. Glenys akamwambia aondoe kile kibao kwenye ubao wake, akakata.

"Nije Jumanne?" Lorne aliuliza.

"Sijui. Mimi siyo mwenye klabu."

"Siulizi klabu."

Glenys alizitazama jezi zikipepea. Akautia ufunguo mfukoni, akaondoka.

Jumatatu saa nne asubuhi Tamsin alimpigia kutoka hospitali. Picha za kichwa zilionyesha damu kidogo chini ya fuvu. Madaktari walisema itafyonzwa na mwili polepole, hawatapasua, ila pigo moja zaidi Jumamosi ile lingekuwa habari nyingine. Hatacheza tena, siyo msimu huu wala mwingine. Bryce alikuwa amelia, Tamsin alisema, halafu akalala, na usingizi wake ulikuwa mzuri.

Glenys alikaa jikoni na chai iliyopoa. Alifikiria nani anapaswa kumwambia Lorne, na akaona kwamba klabu itamwambia kwa barua au haitamwambia kabisa. Akapiga namba ambayo hakuhitaji kuitafuta. Alimsimulia bila kupunguza: damu, fuvu, pigo moja zaidi.

Upande wa pili redio ilizimwa.

"Yuko wodi gani?" Lorne aliuliza.

Glenys alimtajia wodi. Kisha, kabla hajaweka simu chini, akamuuliza kuhusu yule kijana wa Port Lincoln: nani alimfundisha kuinua lile bega bila kukunja uso?