Watu wa Seoul na Taa ya Bi Ghaniya

Kila alasiri Ghalia alimimina kahawa kwanza kwa jirani yao Bi Ghaniya, ambaye hakunywa pungufu ya vikombe vitatu, kisha kwa mama yake, Bi Shukriya. Siku ile, baada ya cha kwanza tu, Bi Ghaniya alikitikisa kikombe kuonyesha kwamba basi, akaaga, akaenda zake. Tende hakuzigusa.

"Umeiunguza leo kahawa, wewe," alisema Bi Shukriya.

Ghalia alijua si kahawa. Uso ulimwaka.

Jana yake, palepale, Bi Ghaniya akiwa ameketi nao, alimsomea mama yake makala aliyoiandika kwa ajili ya darasa lake la historia chuoni Nizwa. Ilihusu Seoul, mji mkuu wa Korea, uliowafungia wageni milango miaka na miaka, kisha ukatiwa taa za umeme na tramu, magari yapitayo juu ya reli barabarani. Aliifasiri kwa Kiswahili, lugha waliyokuja nayo Omani kutoka Unguja, ambayo Bi Ghaniya, mzaliwa wa mji wa Al Hamra, hakuijua. Alipofika pale watu wa Seoul walipoisingizia tramu kwamba imefukuza mvua, mama yake alicheka, na Ghalia akanogewa. Akaongeza la kwake: bi harusi mmoja wa Al Hamra, alipoiona taa ya umeme mara ya kwanza, alipanda juu ya sanduku akaipuliza ili aizime. Akavimbisha mashavu, akapuliza kuelekea darini. Bi Shukriya alicheka hadi machozi.

Bi Ghaniya hakuhitaji Kiswahili. Jina la mji wake na yale mashavu vilimtosha. Bi harusi yule alikuwa yeye, na kisa kile alimpa Ghalia peke yake, siku moja wakimenya vitunguu, akamwomba kisitoke.

Habari za watu wa Seoul Ghalia alizitoa kitabuni. Kisa hiki aliaminiwa nacho.

Aliliacha birika, akavuka uchochoro. Mlangoni alianza kuuliza hali, na watoto, na mitende, na Bi Ghaniya akajibu yote kwa adabu, alhamdulillah, alhamdulillah, bila kumkaribisha ndani. Maneno mazuri aliyoyapanga njiani yalimpotea.

"Khala," alisema hatimaye kwa Kiarabu, akimwita mama mdogo, macho chini, "jana nilikucheka wewe. Nilitaka mama anione msomi, tuonekane sisi ni watu wa mjini na wewe si mwenzetu. Nimekukosea. Naona haya hata kukutazama."